Mjomba alisema dhuluma, mpwa akasema haki

Barua hii imetoka kwa msomaji wa Mikindani, mwalimu wa shule ya msingi. Nimeifupisha, na nimeondoa kila kinachoweza kumtambulisha mtu.

"Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu wa kiume alijiua mwaka jana, wiki chache kabla ya minada ya korosho kuanza. Alikuwa na miaka 31. Korosho zake alishaziuza kangomba, yaani kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, tangu masika, na wenye pesa zao walikuwa wanamfuata, ila nyumbani hakusema. Usiku wa tatu wa matanga mjomba wetu mkubwa alisema mbele ya watu: 'Amejidhulumu nafsi yake, na sisi ametudhulumu.' Mpwa wangu aliye chuo kikuu akamjibu: 'Maisha yalikuwa yake, alikuwa na haki nayo.' Watani waliokuja kuchangamsha msiba walinyamaza, na kwetu watani hawanyamazi. Wewe unafundisha falsafa ya maadili. Nani alisema kweli? Na mimi nina haki ya kumkasirikia marehemu? Maana namkasirikia. Siku nyingine naona heri yake, kapumzika."

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa kukaa muda wote huu na sentensi mbili zinazogombana kichwani. Hiyo ya mwisho kabisa uliyoandika nimeiona, na nitaifikia. Usidhani nimeipita.

Mjomba wako na mpwa wako walibishana jambo lililobishaniwa kwa zaidi ya miaka 2,300, na hakuna aliyesema upuuzi. Nitawachukua mmoja mmoja, kisha nitakuambia mimi nasimama wapi. Sitajificha nyuma ya vitabu.

Mjomba alitoa madai mawili kwa pumzi moja: kwamba marehemu alijidhulumu, na kwamba aliwadhulumu ninyi. Aristotle, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, angelikubali la pili na kulikataa la kwanza. Dhuluma, kwa maoni yake, inataka watu wawili, mmoja anayenyang'anya na mwingine anayenyang'anywa bila ridhaa yake. Anayejiua amefanya mwenyewe na kwa kutaka kwake, sasa aliyenyang'anywa ni nani? Hawezi kuwa yeye. Aristotle akatazama sheria za miji ya wakati wake, akaona zinamvunjia heshima mtu wa namna hiyo, akahitimisha kwamba aliyedhulumiwa ni mji.

Kiswahili chetu hakiikubali hesabu hiyo, na mimi naona kina hoja. Tunasema mtu ameidhulumu nafsi yake, kana kwamba nafsi ni mtu wa pili anayeishi naye nyumba moja. Usemi huo tumeupata katika Uislamu. Salman, sahaba wa Mtume, alimwambia sahaba mwenzake Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga na kukesha kwenye ibada hadi kuusahau mwili wake na mkewe, kwamba nafsi yako nayo ina haki juu yako, na Mtume alipoletewa habari hiyo akasema Salman kasema kweli. Karne nyingi baadaye Immanuel Kant, Mjerumani, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1785 aliandika kwamba ndani ya kila mtu kuna ubinadamu ambao hata mwenyewe haruhusiwi kuutumia kama chombo tu cha kufikia kitu kingine, hata kama kitu hicho ni kuepukana na maumivu. Watu humkumbuka Kant kwa ukali huo. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1797, akiwa mzee, alilirudia jambo hilo na chini yake akaweka maswali bila majibu. Mojawapo: mtu kaumwa na mbwa mwenye kichaa, anajua ugonjwa huo hauna dawa, na anaogopa kuwadhuru watu wake. Akiamua kutangulia, amekosa? Kant aliliacha wazi. Yule ambaye hoja zake ni kali kuliko za wengi alijua kuna mahali pa kunyamaza, na waliompa mdogo wako hukumu kabla kaburi halijakauka wangefaa kulijua hilo.

Kwa wazee wengi wa pwani, hata hivyo, hoja kubwa ni amana. Roho si yako, umewekewa. Socrates, akisubiri adhabu ya kifo gerezani Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, aliwaambia rafiki zake maneno yanayofanana na hayo: binadamu ni mali ya miungu, na wewe mwenyewe ungeudhika kama mmoja wa mifugo yako angejiua bila wewe kuonyesha kwamba unataka afe. Thomas wa Aquino, katika karne ya 13, aliiweka hoja hiyo mwishoni mwa hoja zake tatu, baada ya upendo ambao kila kiumbe kinao kwa nafsi yake na baada ya haki ya jamii. Uhai ni zawadi ya Mungu, alisema, na anayeukatisha amejitwalia hukumu isiyo yake.

Anayeamini hahitaji zaidi ya hapo. Lakini wewe umeniuliza kama mwalimu wa falsafa, na kifalsafa hoja hiyo ina tundu. Amana ina masharti. Mkulima akipeleka korosho ghalani anapewa stakabadhi, na mwenye ghala ametia saini kwamba kapokea. Sisi tulitia saini wapi? Mtoto anazaliwa, anapewa uhai, jina, ukoo na deni la shukrani, yote kabla hajajua kusema hapana. Mpwa wako akiniuliza hivyo siwezi kumwambia anakufuru. Nitamwambia kwamba mambo mengi makubwa tunayowajibika nayo hatukuyatia saini. Hukumchagua mama yako. Bado ukimwacha na njaa umekosa, na hakuna atakayekuuliza mkataba uko wapi. Wajibu huo umeota kwenye kuishi naye, na naamini wajibu wa kubaki hai nao huota hivyohivyo. Nitaurudia.

Nyuma ya mpwa wako amesimama David Hume wa Uskoti. Insha yake kuhusu kujiua ilitoka mwaka 1777, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, na hadi leo ndiyo utetezi unaosomwa zaidi. Hume alisema kama kugusa mwendo wa maumbile ni kuingilia kazi ya Mungu, basi hata kulikwepa jiwe linaloniangukia kichwani ni dhambi, maana na hilo jiwe lilikuwa na mwendo wake. Hapo simpingi. Kisha akasema haitakuwa kosa mimi kuugeuza mto Nile au Danube utoke kwenye mkondo wake, kwa hiyo kosa liko wapi kuugeuza uhai wa mtu mmoja? Hapa naomba umsikilize ukiwa na Ruvuma kichwani badala ya Nile. Ugeuze Ruvuma leo, maji yenyewe hayatalalamika. Lakini kuna wanaolima mpunga bondeni, kuna wavuvi, kuna vijiji vya ng'ambo Msumbiji vinavyoteka humo. Hume aliyatazama maji, kingo hakuzitazama.

Nisimdhulumu na yeye. Watu aliwafikiria, mahali pengine kwenye insha hiyohiyo. Alisema wajibu wangu kwa jamii ni wa kupeana: napata faida yake, ndiyo maana nailipa. Nikijiondoa kabisa, sipati tena, basi sidaiwi tena. Ishike hoja hiyo ya kupeana, mwanangu. Naiona kuwa kweli, lakini sidhani inafika alikotaka Hume ifike.

Kabla ya hapo, neno juu ya "haki yake". Vijana wanapenda kumtegemea John Stuart Mill, Mwingereza aliyeandika mwaka 1859 kwamba juu ya mwili wake na akili yake mtu ni mfalme. Ni kweli aliandika hivyo. Lakini humohumo kuna mifano miwili ambayo mpwa wako hakuisoma, au aliisoma haraka. Wa kwanza ni wa daraja. Mtu anataka kuvuka daraja bovu, hajui kuwa ni bovu, na hakuna muda wa kumwambia. Ukimkamata ukamrudisha hukuuvunja uhuru wake, kwa sababu uhuru ni kufanya unachotaka, na yeye hataki kutumbukia mtoni. Wa pili ni wa utumwa. Mtu hawezi, kwa jina la uhuru, kujiuza awe mtumwa, kwa sababu kwa tendo hilo moja anaufuta uhuru anaodai kuutumia. Wewe unaishi Mikindani, bandari iliyopitisha watumwa karne ya 19. Huhitaji nikueleze kuna milango gani ambayo mtu akiipita hawezi kurudi kusema nimebadili mawazo.

Mfano wa daraja ndio ninaotaka kukaa nao, kwa sababu unauliza swali ambalo mpwa wako aliliruka: mdogo wako alitaka nini? Mwaka 1978 Richard Seiden wa Marekani alitoa matokeo ya kuwafuatilia watu 515 ambao, kati ya mwaka 1937 na 1971, walizuiwa na wengine dakika ya mwisho mahali pamoja huko San Francisco. Kama kujiua kungekuwa ni kutumia haki baada ya kupima na kukata shauri, tungetazamia wengi wao wangelirudia jambo hilo hadi litimie. Haikuwa hivyo. Asilimia kama 94 walikuwa bado hai au walikufa baadaye kwa sababu za kawaida. Kile walichokitaka saa ile kwa nguvu zote kilipita. Wataalamu wa afya ya akili husema hivyo kila siku: katika saa ile akili imebanwa kama mtu anayetazama kupitia tundu la ufunguo, anaona kitu kimoja tu. Anachotaka ni maumivu yaishe. Kifo kimesimama mbele ya tundu, kimeziba vingine vyote.

Kwa hiyo kwa mpwa wako nasema hivi. Haki ya mtu juu ya maisha yake ipo, na naiheshimu. Ndiyo inayomkataza serikali, mume, mzazi au tajiri kuyaendesha maisha ya mwingine. Ila kuitaja haki hiyo juu ya kaburi la kijana wa miaka 31 aliyekuwa amebanwa na madeni, aibu na ukimya ni kumpa sifa ya kuchagua wakati kuchagua ndiko alikokuwa amenyang'anywa. (Swali la mgonjwa aliye ukingoni mwa kifo, anayeomba madaktari wasirefushe maumivu yake, ni swali jingine lenye hoja zake. Anayelichanganya na hili analiharibu lile na hili pia.)

Na nisisitize: sisemi deni ndilo lililomwua. Watu maelfu kati ya Kilwa na Nanyamba wameuza korosho zao kangomba kabla ya msimu na wako hai. Kifo cha namna hii hakina sababu moja. Huwa ni mambo kadhaa yaliyokutana, mengine hamtayajua kamwe, na mara nyingi kati yake kuna ugonjwa wa sonona ambao hakuna aliyeupa jina.

Sasa nirudi kwa mjomba na neno lake la pili: "ametudhulumu". Kwetu kusini mjomba ndiye mwenye ukoo, na akisema "sisi" hasemi kwa niaba yake tu. Naamini alichosema kina ukweli. Mtu si kisiwa cha mikoko. Mdogo wako aliondoka na vitu visivyokuwa vyake peke yake: mtoto wa mama yako, kaka yako, mkono wa palizi, sauti ya usiku barazani. Hilo ni pengo la kweli, na anayesema marehemu hakumkosesha mtu kitu hajawahi kukaa matanga.

Lakini hapo ndipo naichukua ile hoja ya Hume na kuigeuzia kwetu. Kama wajibu ni wa kupeana, basi deni lina pande mbili. Ukoo unaoweza kusema "tulikuwa tunamdai" ndio huohuo unaopaswa kuulizwa "na ninyi alikuwa anawadai nini?" Kijana aliuza korosho kwa bei ya kutupa tangu masika. Kuuza kangomba si siri kijijini. Kipimo kinaonekana, gunia linaonekana likitoka, anayelibeba anajulikana kwa jina la baba yake. Walioona walikuwa wengi. Wa kumwambia "njoo tukae tulihesabu hili deni pamoja" walikuwa wangapi? Sikuulizi wewe. Umesema hakusema, na mtu akiamua kuficha huwaficha kwanza anaowapenda zaidi. Deni hili si la kuwekwa mlangoni kwako. Naliweka mbele yetu sote tulioufanya umaskini wa mwanamume kuwa aibu ambayo hawezi kuitamka mbele ya dada yake. Ukoo uliomwacha mtu abebe peke yake hauwezi, siku ya tatu ya matanga, kusimama kama mdai asiye na deni.

Msimamo wangu, basi. Kujiua ni tendo ambalo sababu za kulikataa ni nzito kuliko sababu za kulitetea, na ningemwambia hivyo yeyote aliye hai, kwa nguvu zangu zote. Lakini ubaya wa tendo haumwangukii mtenda wote. Ili umlaumu mtu unahitaji kujua kwamba aliona njia nyingine na akaweza kuipita. Kwa waliofikia hapo, mara nyingi vyote viwili havipo. Mjomba alikuwa sahihi juu ya pengo, akakosea juu ya lawama. Mpwa alikuwa sahihi kumkinga marehemu na lawama, akakosea ngao.

Sijui kama kuna aliyemwita mwoga. Kwenye misiba ya hivi huwa hakosekani. Aristotle alisema hivyo, kwamba kufa ili kukimbia umaskini au maumivu ni tabia ya mwoga. Wengine huwaita mashujaa. Naona maneno yote mawili hayamfai mtu aliyezama. Ninayempenda zaidi hapa ni Seneca wa Roma. Yeye ni wa madhehebu ya Wastoa, walioruhusu kujiua katika hali fulani, na maandishi yake juu ya hilo ni mengi. Lakini katika barua ya uzeeni anasimulia kwamba ujanani ugonjwa ulimkondesha hadi akawaza mara nyingi kujiua. Kilichomzuia ni uzee wa baba yake aliyempenda. Alijiuliza baba ataweza vipi kuvumilia. Akajiamuru kuishi, akaongeza kwamba wakati mwingine hata kuishi tu ni ushujaa. Mstoa huyo, mwenye hoja zote za kumruhusu, alibaki kwa sababu ya mtu mmoja mzee.

Umenieleza pia, nami sikuinukuu juu, kwamba palikuwa na manung'uniko juu ya mahali pa kuzikia. Hilo nalijua kwa macho yangu.

Mimi nilikulia Newala, juu kule ambako enzi hizo maji yalikuwa bondeni na wanawake walishuka genge alfajiri na kupanda nayo kichwani. Ndugu wa bibi yangu mzaa mama alijiua kabla sijazaliwa, akazikwa nje ya makaburi ya kijiji, pembeni ya shamba, chini ya mkorosho. Hapakuwa na jina. Bibi alipopanda na maji yake alikuwa na desturi moja. Akifika pale anatua mtungi, anachukua kata moja anamwagia kaburi, anafagia majani kwa tawi, anajitwika tena. Kata moja ya maji, baada ya kupanda lile genge, ilikuwa mali. Nikiwa na miaka kama tisa nilimuuliza kwa nini anayamwaga. Akasema, "Huyu kaka yangu." Hakuongeza. Sikumsikia hata mara moja akijadili kama kaka yake alikosa.

Baadaye sana, nikisoma Plato, nilikuta katika sheria alizouandalia mji wa kubuni kwamba aliyejiua bila kulazimishwa na mji, wala na msiba usiovumilika, wala na aibu isiyo na njia ya kutokea, azikwe peke yake, mpakani, pasipo na jiwe wala jina. Nilifunga kitabu. Lilikuwa kaburi la chini ya mkorosho. Uingereza nayo iliwazika njia panda hadi sheria ya mwaka 1823 ilipokataza. Fikiria Wagiriki, Waingereza na watu wa Newala kuwa na wazo moja: ukimtupa maiti mbali, utawatisha walio hai wasimfuate. Sioni kama humtisha anayetaka kufa. Humtisha anayetaka kusema.

Ndiyo maana sheria yetu nayo inanisikitisha. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, bado inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Tuliirithi kwa Waingereza. Wao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961, mwaka uleule wa Uhuru wetu, na sisi tukabaki nayo. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha kwao kinapingana na katiba. Kifungu hiki chetu ni mjomba aliyevaa joho: anasema umeidhulumu jamii, jamii ikuadhibu. Matokeo yake ndugu wanamfikisha mtu hospitali na kusema ameanguka, na daktari anatibu kuanguka.

Juu ya dini, kwa kifupi, na mashekhe na mapadri wataeleza vizuri kuliko mimi. Katazo lipo na ni kali. Lakini katazo kwa aliye hai ni kitu kimoja, na kumkatia tamaa aliyekufa ni kingine. Imepokewa kwamba Mtume mwenyewe hakumswalia mtu aliyejiua. Wanazuoni wengi wamelichukua kuwa onyo, na wamesema Waislamu wenzake humswalia. Imepokewa pia habari ya mtu aliyehamia Madina pamoja na Tufayl bin Amr, akaugua, akashindwa kuvumilia, akajidhuru, akafa. Tufayl akamwota amesamehewa isipokuwa lile alilojidhuru. Alipomsimulia Mtume, Mtume alimwombea na hilo nalo asamehewe. Kwa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi waliojiua kwa makusudi. Ile ya 1983 iliwaondoa kwenye orodha hiyo, na katekisimu ya mwaka 1992 inasema hofu kubwa na maradhi ya akili hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Mkisoma hitima ya mdogo wako, someni mkiwa na moyo huo.

Sasa hasira yako. Unauliza kama una haki nayo. Mwaka 1962 Mwingereza P. F. Strawson alitoa mhadhara ambao mimi huurudia na wanafunzi kila mwaka. Alisema kumkasirikia mtu ni namna ya kumchukulia kama mtu. Jiwe likikuangukia hulikasirikii. Tunamkasirikia yule tunayetazamia atujali. Tukigundua kwamba alikuwa hajiwezi, hakuwa yeye, hasira hulegea na huruma huchukua nafasi. Wewe uko katikati ya hizo mbili, na hakuna ubaya kukaa hapo kwa muda. Unamkasirikia kwa sababu alikuwa kaka yako, na kaka alipaswa kukuambia. Unamhurumia kwa sababu saa ile hakuwa kaka unayemjua. Zote mbili ni kweli, na zinaweza kupokezana kwa siku moja mara kumi. Usimwombe mtu ruhusa ya kulia wala ya kukasirika. Ukitaka nenda kaburini umwambie kwa sauti. Bibi yangu huenda alikuwa akimgombeza kaka yake pale chini ya mkorosho. Mimi nilisikia maji tu.

Nimefika kwenye ile sentensi. "Siku nyingine naona heri yake, kapumzika." Inaweza kuwa ni maneno ya uchovu tu, wafiwa wengi huyasema. Lakini nimetoka kulaumu watu wasiouliza, kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka: wewe mwenyewe, unawaza kujiua? Kumuuliza mtu hivyo hakumpi wazo ambalo hakuwa nalo. Waliolichunguza wanasema mara nyingi humtua mzigo. Kama jibu ni ndiyo, hata ndiyo ndogo, usilale nalo peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja ndani ya nyumba, kwa maneno yaleyale, na akae nawe, na kama kuna kitu unachofikiria kujidhuru nacho akiondoe. Kesho asubuhi mwende naye hospitali ya Ligula, Mtwara, mtaje kitengo cha afya ya akili mapokezini. Si mbali na hapo Mikindani. Kama utaona aibu mapokezini, nipigie, nitakuja nisimame nawe kwenye foleni. Namba yangu nimekutumia pembeni.

Na kama jibu ni hapana, niambie hapana. Ya Aristotle na Hume tutayajadili wiki ijayo, nina muda. Hili nijibu leo.